Jasho na Vitamini: Kazi Hufanya Nini Ndani ya Mwili wa Mnyama

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida nchini Marekani waliwapa mbwa wa mbio, wale wembamba wa aina ya greyhound, gramu 1 ya vitamini C kila siku kwa wiki 4, huku wakiwapima katika mbio za mita 500. Ilidhaniwa kwamba vitamini hiyo ingeikinga misuli isiumie na pengine kuwaongezea mbwa kasi. Kasi ikapungua. Kwa wastani walitumia sekunde 0.2 zaidi ya walipokuwa hawapewi nyongeza yoyote. Greyhound akiwa mbioni hukata karibu mita 16 kwa sekunde moja, kwa hiyo hapa tunazungumzia mita 3 hivi kwenye mstari wa kumalizia, na mbio za mbwa huamuliwa kwa umbali mfupi kuliko huo.

Mbwa wenyewe walikuwa wachache, na matokeo ya mbwa wachache hayatoshi kuwekea kanuni. Nimeanza nao kwa sababu wanaivuruga hesabu ambayo wengi wetu tumeizoea: kwamba kazi huteketeza vitamini, basi mnyama anayefanya kazi aongezewe, na akizidishiwa si hasara. Mfugaji anayepita dukani kununua sindano ya multivitamini kwa ajili ya maksai aliyedhoofika baada ya msimu wa kulima anaifuata hesabu hiyo hiyo. Ina chembe ya ukweli ndani yake. Ila mwili wa mnyama hauendeshi mambo yake kwa namna nyepesi kiasi hicho. Kazi huzitumia baadhi ya vitamini bila kuzimaliza, nyingine huzihamisha kutoka kiungo kimoja kwenda kingine, nyingine huzichakaza kwelikweli, na kuna nyingine ambazo mnyama mwenyewe anajitengenezea bila kumngoja mtu amletee.

Vitamini za kundi B: vyombo vya kazi

Tuanze na zile zinazoshiriki moja kwa moja katika kutoa nguvu. Msuli unapojikunja huvunja glukosi na mafuta, na kila hatua ya uvunjaji huo ina kimeng'enya chake, yaani protini inayoiendesha. Vimeng'enya vingi havifanyi kazi vikiwa peke yake. Vinahitaji kushikana na vitamini ya kundi B. Vitamini B1, yaani thiamini, ndiyo inayofungua njia ya mabaki ya glukosi kuingia kwenye mitokondria, vile vijumba vidogo ndani ya seli ambamo oksijeni hutumika. B1 ikikosekana, mabaki hayo hurundikana. Katika miaka ya 1930, Rudolph Peters wa Oxford aliliona jambo hilo kwa njiwa waliolishwa chakula kisicho na thiamini: ubongo wao ulishindwa kuimaliza kazi ya kuchoma sukari, asidi zikabaki njiani, na ndege wakawa wanapinda shingo na kuanguka. Walipopewa thiamini walinyanyuka tena upesi.

Hapa ndipo neno "kuteketeza" linapotupotosha. Thiamini ni kama jembe: mkulima hulitumia mchana kutwa, na jioni jembe lipo. Linalika kidogo kidogo, na ukipanua shamba utahitaji majembe zaidi, lakini hakuna anayelima akaona jembe limegeuka moshi. Farasi wa kazi nzito, kwa mujibu wa viwango vya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani vya mwaka 2007, anahitaji kama miligramu 5 za thiamini kwa kila kilo ya chakula kikavu, wakati farasi asiye na kazi anatosheka na miligramu 3. Nyongeza ipo, lakini farasi wa kazi hula zaidi pia, na chakula kikiongezeka thiamini huongezeka nacho. Kwa mnyama anayekula vya kutosha, kwa kawaida pengo hilo hujiziba.

Vitamini B6 ina kisa cha kushangaza zaidi. Sehemu kubwa ya B6 ya mwili iko kwenye misuli, imeshikamana na kimeng'enya kinachovunja glaikojeni, ile akiba ya wanga inayowekwa msulini kwa ajili ya mbio za ghafla. Ungedhani hiyo ni ghala: chakula kikikosa B6, msuli utoe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wanasayansi watatu wa Marekani, Black, Guirard na Snell, walilijaribu hilo kwa panya. Panya walionyimwa B6 peke yake, huku wakila vizuri vitu vingine, hawakuigusa akiba ya msulini. Waliponyimwa chakula chenyewe, ndipo msuli ukaanza kuachia B6. Maana yake ni kwamba ghala hilo hufunguliwa na njaa ya nishati, wakati ambapo ini linahitaji kugeuza protini kuwa glukosi na B6 ndiyo inayoiwezesha kazi hiyo. Punda anayebeba mizigo akiwa na njaa anapoteza misuli, na pamoja na misuli anaipoteza B6 iliyomo.

Kwa wanyama wanaocheua kuna ngazi nyingine kabla ya hapo. Ng'ombe, mbuzi na kondoo hawategemei sana B za kwenye chakula, kwa sababu vijidudu vya tumboni mwao huzitengeneza. Farasi na punda nao wana vijidudu vya namna hiyo kwenye utumbo mpana. Vijidudu vya ng'ombe vikilishwa nyasi vitamtengenezea hata B12, ili mradi udongo ulikoota nyasi uwe na madini ya kobalti. Hilo lilijulikana kwa uchungu katika Bonde la Ufa nchini Kenya, ambako ng'ombe wa eneo la Nakuru walikuwa wakikonda na kufa katikati ya malisho mazuri, hata ugonjwa ukapewa jina la mji huo. Udongo wa kule, uliotokana na volkano, ulikuwa na upungufu wa kobalti. Sasa tazama uhusiano wake na kazi: ng'ombe hapati glukosi nyingi moja kwa moja kutoka kwenye nyasi. Vijidudu vyake hutoa asidi iitwayo propioniki, na ini huigeuza kuwa glukosi kwa msaada wa B12. Maksai asiye na B12 anaweza kushiba na bado asiwe na cha kumvutia plau.

Vitamini E na moto wa mitokondria

Vitamini E iligunduliwa mwaka 1922 na Herbert Evans na Katharine Bishop huko Berkeley, California, walipoona kwamba panya waliokosa kitu fulani kwenye mafuta ya chakula walishika mimba lakini hawazai. Kwa miaka mingi ikajulikana kama vitamini ya uzazi. Lakini mwaka 1931 Marianne Goettsch na Alwin Pappenheimer walionyesha kwamba simbilisi na sungura wakiikosa vitamini hii misuli yao hunyauka na kufa. Tangu hapo msuli na vitamini E havijaachana.

Sababu ni hii. Kila mahali oksijeni inapotumika hutokea molekuli chache zenye pupa, ziitwazo radikali huru, ambazo huyashambulia mafuta ya kwenye ngozi ya seli. Zikishambulia molekuli moja ya mafuta, nayo hugeuka radikali na kushambulia jirani yake. Vitamini E hukaa ndani ya ngozi hiyo na kuukata mnyororo: hujitoa yenyewe ichakazwe badala ya mafuta. Ikishachakaa, vitamini C iliyo nje ya ngozi ya seli inaweza kuirudishia uwezo wake, na upande wa pili kuna vimeng'enya vyenye madini ya seleni vinavyosafisha sumu zilizobaki. Hivi vitatu hufanya kazi kwa kusaidiana, ndiyo maana upungufu wa seleni na upungufu wa vitamini E mara nyingi huonekana kama ugonjwa mmoja.

Mwaka 1982, katika Berkeley hiyo hiyo, Kelvin Davies na wenzake walipima radikali hizo kwenye misuli na maini ya panya waliokimbizwa hadi wakashindwa kuendelea. Kiasi kilikuwa kimepanda mara 2 hadi 3. Kisha wakachukua panya waliolelewa bila vitamini E. Hao walichoka mapema: uvumilivu wao ulikuwa pungufu kwa asilimia 40. Kilichonigusa zaidi ni kipimo cha panya hao wakiwa wamepumzika tu, kabla ya kukimbia hatua moja. Radikali zao zilikuwa sawa na za panya wazima waliokimbia hadi mwisho wa nguvu zao.

Utafiti mwingine wa miaka ya 1980 ukaongeza kipande. Panya wanaofanyishwa mazoezi kwa wiki nyingi hujenga mitokondria mpya kwenye misuli, jambo zuri kabisa, lakini vitamini E haiongezeki kwa mwendo ule ule, kwa hiyo kila mitokondria inabaki na mgao mdogo kuliko zamani. Kwa panya anayekula vizuri, vimeng'enya vya ulinzi hupanda na kuifidia hali hiyo. Asiyekula vizuri anakuwa na injini kubwa na ulinzi hafifu.

Wale wanaopima vitamini E kwenye damu ya wanyama wa kazi wanapaswa kulifahamu tatizo moja. Vitamini E husafiri na mafuta. Mnyama akianza kazi ndefu, mafuta huvunjwa kutoka kwenye akiba na vitamini hutembea pamoja nayo, kwa hiyo damu iliyochukuliwa mara baada ya kazi inaweza kuonyesha picha tofauti na hali ya msuli. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kile cha mnyama aliyepumzika, kikirudiwa baada ya siku kadhaa.

Mbwa wa kuvuta sleji huko Alaska wametufundisha mengi katika hili, maana mashindano ya Iditarod, yaliyoanza mwaka 1973, huwapitisha kwenye theluji umbali wa takriban kilomita 1,600 kutoka Anchorage hadi Nome. Watafiti walichukua damu ya mamia ya mbwa kabla ya mashindano. Wale waliokuwa na vitamini E nyingi zaidi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufika mwisho. Hapo wauza virutubisho wangefurahi. Lakini kundi hilo hilo la watafiti lilitazama pia ugonjwa wa misuli kuvunjika wakati wa mashindano, na huko vitamini E haikuonekana kuwakinga mbwa. Inawezekana kabisa kwamba mbwa mwenye vitamini E nyingi ni mbwa aliyetunzwa vizuri kwa ujumla, na matunzo ndiyo yaliyomfikisha.

Vitamini C: nani anajitengenezea, nani hawezi

Mbwa, farasi, ng'ombe, punda, paka na panya hutengeneza vitamini C kwenye ini kutokana na glukosi. Sisi binadamu, sokwe, nyani na simbilisi tulikipoteza kimeng'enya cha hatua ya mwisho, kwa hiyo tunaitegemea kutoka kwenye chakula. Ndiyo maana Holst na Frølich wa Norway, mwaka 1907, waliweza kuusababisha ugonjwa wa kiseyeye kwa simbilisi kwa kuwalisha nafaka tu. Mtu akichukua matokeo ya simbilisi na kuyahamishia kwa farasi, au ya binadamu na kuyahamishia kwa mbwa, ameshakosea kabla ya kuanza.

Simbilisi anayekosa vitamini C huonyesha uchovu kabla fizi hazijaanza kutoa damu. Sehemu ya maelezo ni kwamba vitamini hiyo inahitajika kutengeneza kanitini, kibebeo kinachoyaingiza mafuta kwenye mitokondria, na misuli ya simbilisi mwenye kiseyeye imekutwa na kanitini kidogo. Mafuta yapo, njia ya kuyaingiza ndiyo imebanwa.

Kwa wanyama wanaojitengenezea, zoezi kwanza hufanya kazi ya kuhamisha. Tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zina vitamini C kwa wingi kuliko karibu kiungo kingine chochote. Mnyama akipata mshtuko au akianza kazi kali, homoni kutoka kwenye ubongo huziamsha tezi hizo, nazo hutoa vitamini C pamoja na homoni zao. Jambo hili ni la uhakika kiasi kwamba mwishoni mwa miaka ya 1940 wanasayansi walipima nguvu ya homoni hiyo ya ubongo kwa kuangalia tu vitamini C imepungua kiasi gani kwenye tezi za panya. Kazi ikirefuka, hali hubadilika: farasi wa mbio za masafa ya kilomita 80 au 160 wameonekana wakishuka vitamini C ya kwenye damu kadiri mbio zinavyoendelea, ingawa ini lao ni zima. Wakipata chakula na mapumziko, ini lina nafasi ya kuirudisha.

Sasa turudi kwenye lile la nyongeza kupunguza kasi. Mwaka 2008 watafiti wa Valencia, Hispania, walifundisha panya kukimbia kwa wiki 6. Waliofanya mazoezi tu waliongeza muda wa kukimbia hadi kuchoka karibu mara tatu. Waliofanya mazoezi yale yale huku wakipewa dozi kubwa ya vitamini C waliongeza kwa kama robo tu. Maelezo yao ni kwamba radikali huru zilizotuogopesha kwenye kisa cha Berkeley zina kazi ya pili: ndizo zinazoipa seli taarifa kwamba imezidiwa na ijenge mitokondria zaidi. Ukizizima zote, seli haisikii chochote na haijengi.

Si wote waliokubali. Mwaka 2011 kundi la John Holloszy huko St. Louis, Marekani, liliwapa panya vitamini C na E pamoja na likakuta mitokondria inaongezeka kama kawaida. Ubishi huo haujafungwa. Kwa maoni yangu tofauti iko kwenye dozi, aina ya zoezi na hali ya mnyama kabla ya kuanza. Lakini sijaona ushahidi wa kunishawishi kwamba mnyama mzima, anayejitengenezea vitamini C na kula vizuri, anafaidika kwa kuongezewa nyingine. Huyo greyhound wa Florida alikuwa mnyama wa namna hiyo hasa.

Kazi inapoufichua upungufu uliojificha

Kuna mahali ambapo upungufu ni wa kweli na zoezi ndilo linaloua. Ndama na kondoo wachanga waliozaliwa na mama waliokula chakula chenye seleni au vitamini E kidogo wanaweza kuonekana wazima kabisa wakiwa zizini. Siku wanapofunguliwa wakaruka na kukimbia, misuli inakufa. Wengine huanguka kwa sababu moyo nao ni msuli. Akipasuliwa, nyama inaonekana na michirizi meupe, na ugonjwa ukaitwa wa misuli meupe. Mwaka 1958 watafiti wa Oregon, Marekani, walionyesha kwamba seleni kidogo kwenye chakula cha kondoo wenye mimba huwaokoa watoto wao.

Afrika Mashariki ina kisa chake kinachofanana na hicho. Hirola, swala adimu wa kaskazini mashariki mwa Kenya, walianza kukamatwa na kuhamishiwa Tsavo Mashariki mwaka 1963. Mwaka uliofuata, ripoti katika jarida la wanyamapori la Afrika Mashariki ilieleza misuli iliyoharibika ya swala hao. Leo hali hiyo inajulikana duniani kote miongoni mwa wanaohamisha twiga, pundamilia na swala: mnyama anakimbizwa, anakamatwa, anaonekana kuwa salama, kisha baada ya saa au siku anakakamaa, anakojoa mkojo wa rangi ya kahawa, anakufa. Chanzo kikuu ni hofu, joto na asidi inayofurika msulini. Madaktari wengi huchoma sindano ya vitamini E na seleni kama tahadhari, na kwa mnyama aliyetoka kwenye malisho yenye upungufu ina mantiki. Haiwezi kulipia makosa ya kumkimbiza swala kwa muda mrefu saa sita mchana.

Kwa mnyama wa nyumbani chanzo kikubwa cha vitamini E ni majani mabichi. Yakikatwa, yakakaushwa na kuwekwa kwa miezi, zaidi ya nusu ya vitamini E iliyokuwamo huweza kupotea, na karotini inayogeuka kuwa vitamini A huondoka pamoja na rangi ya kijani. Viwango vile vya Marekani vinampa farasi asiye na kazi uniti 1 ya vitamini E kwa kila kilo ya uzito wake, na farasi wa kazi nzito uniti 2. Farasi wa kilo 500 aliye malishoni penye nyasi mbichi huzipata uniti 1,000 bila mtu kujua. Punda wa mjini anayebeba mchanga na mawe kwa miezi ya kiangazi huku akila makapi na majani makavu hazipati, na huyo ndiye ningemhangaikia kwanza: mgao wa majani mabichi kila siku, hata kidogo, chakula cha kutosha cha nishati ili asile misuli yake mwenyewe, na siku ya kupumzika.

Akishindwa kunyanyuka baada ya kazi, au mkojo ukiwa wa rangi ya kahawa, asilazimishwe kutembea, na aitwe daktari wa mifugo. Sindano ya seleni asichomwe kwa kukisia. Kipimo kinachotibu na kile kinachoua vimekaribiana sana, hupigiwa hesabu kwa uzito wa mnyama, na daktari atataka kujua kama kuna mtu mwingine aliyemchoma siku za karibuni.